Mtoto wa darasa la tatu anasoma kwa kukariri: mzazi aanzie wapi nyumbani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Mbagala. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Darasani kwao wamepita mia na wanaingia kwa zamu, wiki hii asubuhi, wiki ijayo mchana. Mimi napika maandazi na chapati, baba yake anaendesha bodaboda. Nikikaa naye na daftari tunaanza vizuri, mwisho yeye analia na mimi nimeshika mwiko. Kitabu cha shule anasoma mpaka raha, lakini nikimpa gazeti hamalizi hata mstari. Hesabu za kutoa wanazofundishwa siku hizi sizielewi, na mimi mwenyewe niliishia la saba. Jirani ananishauri nimpeleke tuisheni, elfu moja kwa siku, au nijibane nimhamishie shule ya Kiingereza. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, mama, na pole na moto wa jikoni.

Umeuliza mengi kwa mkupuo, na lililo zito kuliko yote umelitaja kama la kupita tu: kwamba kitabu cha shule anakisoma mpaka raha lakini gazeti linamshinda. Tuanze na hilo. Tuisheni na kuhama shule vitasubiri, na huenda tukifika huko utaona havina haraka uliyodhani.

Mwanao bado hajui kusoma. Anajua kukumbuka. Katika darasa la watoto mia, mwalimu husoma sentensi, darasa zima huitikia, na mtoto mwenye sikio zuri huumeza ukurasa mzima bila kuzitazama herufi. Akifika nyumbani anafungua kitabu, anaona picha ya mama na ndoo, anakumbuka wimbo wa ukurasa ule, anautiririsha. Wewe unafurahi, na mwalimu akipita nyuma yake naye anafurahi. Hilo si dalili ya ujinga, maana kichwa kinachoweza kushika kurasa ishirini ni kichwa kizima. Tatizo ni kwamba darasa la kwanza na la pili ndiyo madarasa yaliyotengwa hasa kwa ajili ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu kila somo linamtaka mtoto asome ili apate kitu kingine ndani yake. Na mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambapo karatasi ya Baraza la Mitihani haina picha anayoijua wala wimbo aliousikia.

Sasa angalia hesabu hii. Kipindi ni dakika 40. Mwalimu akisema leo namsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, na watoto ni 100, kila mmoja anapata sekunde 24, na hapo bado hajasahihisha wala kuandika ubaoni. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wameingia shule kwa wingi, jambo jema, lakini sekunde hazikuongezeka. Kwa hiyo usijitese kutaka kuwa mwalimu wa pili, kurudia nyumbani yale ya darasani. Kazi yako ni ile moja ambayo mwalimu wake hawezi kuifanya hata akitaka: kumsikiliza mtoto mmoja, akisoma kwa sauti, robo saa. Kwa kazi hiyo, la saba yako inatosha na inabaki.

Lakini kabla ya kumsaidia inabidi ujue amekwama wapi, maana "hajui kusoma" ni maneno mapana mno.

Fanya hivi Jumamosi, mambo yakiwa yametulia. Tafuta kitabu cha kusoma cha darasa la pili; narudia, la pili, si la tatu. Azima kwa jirani, au kama una bando kidogo ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, wameweka vitabu vya kiada humo. Chagua ukurasa asioujua. Funika picha kwa kiganja. Mwambie, "Nisomee, mimi nasikiliza tu." Halafu nyamaza. Chukua kalamu, na kila neno analokosea liandike mara mbili: lilivyo kitabuni, na alivyolisema yeye. Usimsahihishe kwa ukurasa mzima. Najua itakuwasha, lakini vumilia. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ugonjwa ni upi, na makosa utakayoyaona kwa kawaida yatakuwa ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni mtoto anayesoma vizuri maneno kama *baba*, *kalamu*, *meza*, halafu anagota kwenye *ndege*, *mbwa*, *nywele*, *ng'ombe*. Kiswahili kinatupa nafuu kubwa: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake na haibadiliki popote ilipo. Mtoto akishika *ba be bi bo bu* na *ka ke ki ko ku* anakimbia. Kisha zinakuja silabi za herufi mbili na tatu kabla ya irabu, *mba, nda, nga, nya, ng'a, mwa, kwa, sha, cha, dha, mbwa*, na hapo ndipo wengi wanaposhuka. Labda wiki hiyo alikuwa na malaria. Labda alikaa nyuma. Darasa likasonga, yeye akabaki, na kwa kuwa anaitikia na wenzake hakuna aliyejua.

Huyu dawa yake ni familia moja ya silabi kwa wiki. Wiki ya *nya nye nyi nyo nyu*, mtafute vitu vya nyumbani vyenye sauti hiyo: nyanya, nyama, nyumba, nyoka. Viandikwe kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana au kwenye boksi la sabuni lililokatwa vipande. Aandike yeye, si wewe. Baada ya siku mbili tatu, changanya na maneno yanayofanana ili jicho lilazimike kutazama: *goma* na *ngoma*, *dege* na *ndege*, *guo* na *nguo*. Atacheka, maana goma na dege ni vitu vikubwa vya ajabu, na akicheka ujue ameelewa tofauti. *Ng'* yenye ritifaa, ile alama ya juu, iache mwisho kabisa. Inasumbua hata watu wazima kuiandika.

Aina ya pili ndiyo ninayoishuku kwa mwanao, kwa jinsi ulivyoeleza gazeti. Mtoto huyu anajua silabi zote, lakini anasoma mwanzo wa neno na kuvumbua mwisho. Kitabu kimeandika *alipika*, yeye anasema *anapika*. Kimeandika *hawakuja*, anasema *wanakuja*. Kwa haraka unaona kosa dogo, unampita. Lakini maneno yetu ni marefu, sentensi nzima inakaa ndani ya neno moja: *hatukumwona*. Mle ndani kuna sisi, kuna kukanusha, kuna wakati uliopita, kuna yeye, kuna kuona. Mtoto akirukia katikati amegeuza jana kuwa leo na hapana kuwa ndiyo. Kwenye mtihani anaulizwa kwa nini fulani hakwenda sokoni, anajibu kwa nini alikwenda, na mwalimu anaweka kosa kubwa jekundu. Wewe unaona "hajui sayansi" au "hajui jiografia", kumbe hakulisoma swali.

Huyu mkatie kipande cha karatasi ngumu cha ukubwa wa kidole. Neno likimshinda, lifunike lote, kisha lifunue silabi kwa silabi: ha… tu… ku… mwo… na. Halafu, na hapa wazazi wengi husahau, asiachwe na vipande. Alirudie neno zima kwa sauti ya kawaida, kama anavyolisema akiwa anacheza nje. Maana huja sauti inapotiririka. Na mcheze mchezo wa neno moja linalobadilika: chukua *cheza*, andika kwenye vipande *anacheza, alicheza, atacheza, hachezi, hakucheza, hatacheza*. Vichanganye, avute kimoja, asome, wewe uliza tu: "Jana au kesho? Amecheza au hakucheza?" Akishazoea, badilisha *cheza* kwa *pika*, kisha *lala*. Mchezo huu unaweza kuuendesha huku unasukuma chapati.

Aina ya tatu anasoma kila neno sawasawa, na ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu. Huyo anahitaji mazungumzo kuliko silabi. Aulizwe nani alifanya nini na kwa nini, atabiri kitakachofuata, ahadithie alichosoma kwa baba. Kama bibi yupo karibu, umepata mwalimu wa bure: mtoto aliyekua na "hadithi hadithi", "hadithi njoo", na akazoea kutega na kutegua vitendawili, amezoea pia kushika jambo refu kichwani na kutafuta kilichofichwa. Sitakaa sana hapa, kwa sababu sidhani ndilo lako.

Tuje kwenye mwiko. Najua umechoka, mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga hana subira nyingi ikifika jioni. Lakini mtazame mwanao siku mnapogombana. Kila akifika neno gumu, macho yanatoka kwenye ukurasa na kuja usoni kwako. Anatafuta humo kama amepatia. Mtoto anayeogopa hasomi herufi, anausoma uso wa mama, na hapo anabahatisha zaidi ili akuridhishe upesi, na kubahatisha ndiyo tabia yenyewe tunayotaka kuiondoa. Kwa hiyo mwiko ubaki jikoni, na hapo sizungumzii huruma peke yake.

Badala yake tumia utaratibu mmoja usiobadilika. Akikwama, nyamaza, hesabu moyoni moja hadi tano. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Mara nyingi atalipata mwenyewe. Asipolipata, weka kidole kwenye silabi iliyomshinda, hiyo tu. Asipoweza bado, mtamkie, arudie, mwendelee. Hakuna "nimekwambia mara ngapi?" wala "mwenzako fulani anasoma". Robo saa ikiisha funga kitabu, hata kama mambo yamenoga. Hasa kama yamenoga, ili kesho aje mwenyewe. Ukikosa siku moja kwa sababu kuna msiba au mvua imeingia ndani, usilipize kesho yake kwa nusu saa.

Muda wenyewe uchague kwa kufuata zamu. Wiki anayoingia mchana, mketishe asubuhi ukishamaliza wateja wa chai, mathalani saa tatu. Ndiyo saa bora kuliko zote, kichwa kikiwa kibichi. Wiki anayoingia asubuhi, mwache ale, acheze, na kama anakwenda madrasa aende, kisha mkae kabla jua halijazama. Umeme ukikatika hamtakuwa mmepoteza kitu. Usiku wa saa tatu, mtoto anasinzia na televisheni ya jirani inaita, sahau.

Na baba asikae pembeni. Akirudi na kofia yake ya bodaboda mkononi, mtoto amsomee mistari mitano tu, ile ile aliyoifanyia mazoezi mchana na anayoiweza. Baba asisahihishe kitu. Aseme "enhe, ikawaje?" Kwa watoto wa kiume hili lina nguvu ya ajabu, sijui kwa nini baba wengi wanadhani daftari ni la mama.

Utauliza asome nini kama vitabu hakuna. Maandishi yapo mengi kuliko tunavyodhani. Khanga zako zina sentensi moja moja, fupi, zenye maana ya kujadili. Itandike kitandani, asome, kisha aeleze inamsema nani. Mfuko wa unga una maelezo nyuma. Kituoni asome vibao vya daladala kabla konda hajaita. Ukishuka Kariakoo, au kwa wauza vitabu vilivyotumika katikati ya mji, vitabu vya hadithi vya watoto hupatikana kwa bei ya kuongea. Na likizo, siku moja moja, mpandishe daladala hadi Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 na ina sehemu ya watoto. Wazazi wengi wa Dar wanapita mbele yake kila wiki hawajawahi kuingia.

Sasa hesabu za kutoa. Nina habari njema: wanachofundishwa ni kilekile ulichofundishwa wewe, wamebadilisha maelezo. Wewe uliimba, "saba haitoki kwenye mbili, nakopa moja kwa jirani". Wao wanaambiwa wavunje kumi moja, waipeleke kwenye mamoja. Chukua 52 kutoa 27. Fungeni vijiti vya kufagilia vilivyokatwa, kumi kumi, kwa raba. Hamsini na mbili ni mafungu matano na vijiti viwili vya pekee. Atoe saba. Hawezi, ana viwili. Basi afungue fungu moja, lile neno "kukopa" lilikuwa kufungua raba tu, na sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Atoe saba, vinabaki vitano. Kwenye mafungu manne atoe mawili, yanabaki mawili. Ishirini na tano. Afanye kwa mikono siku kadhaa kabla hajaandika chochote, kisha afanye kwa mikono na kuandika pamoja, ndipo vijiti viondoke.

Na ukisahihisha, usitazame kosa kama kosa tu. Akikupa 35 kwa hesabu ile, amekuambia jambo kamili: amechukua mbili akaitoa kwenye saba, kwa sababu kwake kidogo ndicho kinachotolewa kwenye kikubwa, popote kilipo. Huyo hakuzembea, anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Ukimwambia "rudia" atarudia na kupata 35 tena, nawe utapandwa na hasira bure. Muulize, "Nioneshe ulivyofanya." Sentensi hiyo moja, ikisemwa bila ukali, itakufundisha zaidi ya kitabu cha mwalimu.

Halafu una kitu ambacho shule haina: meza ya maandazi. Mteja amechukua chapati mbili za 500 na maandazi matatu ya 200, ametoa noti ya 2,000. Mtoto aseme jumla ni 1,600. Chenji asiitafute kwa karatasi, ahesabu kwenda mbele kama unavyofanya wewe: kutoka 1,600 hadi 2,000, mia nne. Hii nayo ni kutoa. Akiona kwamba njia ya mezani na njia ya vijiti zinafika palepale, hesabu itaacha kuwa mambo ya daftari. Ila usimfanye muuzaji wako, tafadhali. Wateja watatu kwa siku wanamtosha kujifunza. Kuanzia hapo ni ajira.

Saa nayo humchanganya mtoto wa siku hizi, kwa kuwa simu ya baba inaonesha 14:30 na watu wanasema saa nane na nusu. Mpeni saa ya ukutani ya mishale, hata iliyokufa betri, azungushe kwa mkono. Ya simu ataijua baadaye.

Tuisheni sasa. Elfu moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni elfu ishirini kwa mwezi. Kabla hujaitoa, nenda kachungulie. Ukikuta watoto arobaini barazani wa madarasa matatu tofauti, wananakili maswali ubaoni na kuitikia, utakuwa umelipia darasa lilelile alilotoka asubuhi, la watoto wachache kidogo. Yeye ataendelea kukariri, safari hii kwa fedha. Ukimpata mwalimu anayechukua watoto watano sita, mpe ile karatasi ya makosa na umuulize ataanza na nini. Akisema ataanza na ya darasa la tatu ili "awafikie wenzake", mshukuru uondoke. Akisema atarudi kwenye silabi, huyo mlipe.

Kuhusu shule ya mchepuo wa Kiingereza, hofu ya jirani yako ina msingi. Shule nyingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili hadi mwisho wa msingi, kisha sekondari ni Kiingereza, na watoto wengi huanguka kwenye mpito huo. Lakini ukimhamisha leo, mtoto ambaye hajamudu kusoma lugha anayoiota usiku, unampeleka akasome lugha asiyoielewa, ambayo tena herufi zake hazishiki sauti moja kama zetu. Atafanya alichozoea, atakariri, na huko utachelewa zaidi kugundua kwa sababu hata wewe hutajua kama anachosema kina maana. Aliyejua kusoma vizuri kwa Kiswahili anahamisha ujuzi huo. Anachobaki kujifunza ni maneno na sauti mpya. Mwache hadi asome gazeti lile bila kubahatisha, ndipo mzungumze na baba yake kuhusu ada.

Wala usijilazimishe kuongea naye Kiingereza cha kuunga. Ongea naye Kiswahili chako kizuri, kirefu, chenye maelezo. Na kitu kimoja ukiache leo: kama unamfundisha herufi kwa majina ya Kiingereza, "ei, bii, sii", acha kabisa kwa sasa. Mtoto anaona *b* na *a*, kichwani anasikia "bii-ei", atapataje "ba"? Herufi zitajwe kwa sauti zake za Kiswahili tu mpaka silabi zikae sawa.

Shuleni nenda, lakini usiende siku ya kikao cha wazazi, maana pale mwalimu anazungukwa na watu thelathini na mjadala ni wa michango ya uji na ulinzi. Muulize siku moja kabla ni saa ngapi ana nafasi, mkute nje ya kipindi, uwe na daftari na ile karatasi yako. Ukiuliza "mwanangu anaendeleaje?" utajibiwa "anaendelea vizuri, akaze tu", jibu ambalo kila mwalimu analo mfukoni. Uliza: "Mwalimu, nimeona anabahatisha mwisho wa maneno. Nawe umeliona? Unaweza kumsogeza mbele?" Mwalimu akiona mzazi amekuja na kitu mkononi, hata yule aliyechoka, husogea. Na usidanganyike na usafi wa daftari wala wingi wa vema. Watoto wengi hunakili ubao kwa mwandiko mzuri ajabu bila kujua wameandika nini. Njia ya kujua ni rahisi: mwombe akusomee alichoandika jana.

Hilo la kusogezwa mbele linanikumbusha macho. Tundika khanga ukutani, asimame upande wa pili wa chumba, asome. Kisha afunike jicho moja, kisha jingine. Akikunja uso au kusogea, au kama siku zote hukosea kunakili namba kutoka ubaoni lakini anazisoma vizuri akiwa na kitabu mkononi, mpeleke akapimwe kabla hujamlaumu, Hospitali ya Temeke au ile ya CCBRT kule Msasani. Masikio pia: mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, siku ambayo hana mafua.

Anza na Jumamosi hii na ukurasa mmoja. Baada ya hapo nenda na aina moja ya kosa kwa wiki tatu, usirukeruke. Mwisho wa wiki ya tatu mpe ukurasa mwingine mgeni wa kitabu kilekile cha darasa la pili, funika picha, andika tena makosa, linganisha karatasi mbili. Yakipungua, sogea kwenye kitabu cha la tatu. Yakibaki vilevile, niandikie, lakini usiniandikie kwamba "bado hajui kusoma". Niandikie maneno yenyewe aliyokosea, na jinsi alivyoyatamka.